Moto Kwenye Runinga ya Dukani

Juzi nilitazama kwenye simu, mubashara, chombo kikirushwa anga za juu na watu ndani yake. Moshi ulipotanda nikaikumbuka alasiri ile Katoro, nilipoongozana na mama kwenda kununua sanda ya baba, aliyeuawa na baruti machimboni.

Duka lilinukia udi na vitambaa vipya. Kwenye runinga, moto mkubwa ulilipuka chini ya roketi. Mwenye duka akasema ndani mna watu.

"Mama, wamekufa?"

"Hawajafa. Watarudi," alijibu, huku akiipapasa sanda.

Nilidhani moto wote ni mmoja. Nyumbani nikawakuta wanaume wakichimba kaburi, nikawaambia waache, baba atarudi. Baba mdogo alisimamisha jembe, akanitazama, kisha akaendelea kuchimba.