Beberu Aliyeonja Nyama

Ilikuwa mwaka 2013. Hapana, nisiseme uongo, ilikuwa 2014, maana uchaguzi wa vijiji ulishakaribia, na mzee Bazilio alikuwa bado anazunguka vilima vya Mabamba akihasi mabeberu wa watu, kisu mkobani, salamu mdomoni.

Mpole kweli kweli. Alimwomba radhi hata beberu kabla ya kumfunga miguu. Lakini Mwenyekiti wa kijiji, Melkiadi, alipomnyang'anya mbuzi wake wa pekee, eti mchango wa shule, na jioni ile ile harufu ya mchuzi ikatoka uani kwa Mwenyekiti, upole ule ulichacha kama pombe ya ndizi iliyosahauliwa.

"Nitamlipa," alisema. "Ila kwa mdomo."

Jumapili walikaa kilabuni kwa mama Josepha, mirija mingi, chungu kimoja, Melkiadi katikati. Bazilio akaanza:

"Wanyama wa boma moja walimchoka mwenye boma. Ng'ombe akavunja ua, bata wakamdonoa visigino, jamaa akakimbia peku. Wakasema, sasa tujitawale. Wakamchagua beberu, kwa kuwa ana ndevu."

"Wana akili hao!" Melkiadi alicheka kuliko wote, akizipapasa ndevu zake. "Enhe, ikawaje?"

"Haukupita muda, akapotea mwanambuzi. Beberu akasema ni fisi. Akapotea bata. Fisi tena. Siku moja ng'ombe akamkuta beberu nyuma ya ghala, mafuta yanamchuruzika ndevuni."

Watu wote walikuwa wanazitazama ndevu za Melkiadi. Akauachia mrija.

"Mzee, unamsema nani?"

"Namsema beberu, Mwenyekiti. Kwani yuko mwingine?"

Angekasirika, angekuwa amekiri. Akaurudia mrija.

"Wakamfanya nini?" mama Josepha akachokoza.

Bazilio akatoa kisu, akakipangusa taratibu gotini. "Wakaniita mimi."

Melkiadi akabana mapaja. Kilabu kizima kikaangua kicheko.

Tangu hapo hakupita njia bila kusikia "Meee!" migombani. Akisimama kuomba kura, "Meee!" Uchaguzi ulipofika, akaanguka vibaya. Siku hiyo Bazilio alikaa kando ya njia makusudi, amwone akirudi kwake kichwa chini, na alijisikia ameshiba kuliko aliyekula mbuzi mzima.

Aliyeshinda ni Sylvesta, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa kulia "Meee". Mwaka mpya akawaalika watu uani kwake, nyama tele. Bazilio akapewa mfupa ulionona. Akaugeuzageuza, kisha akauliza kwa sauti yake ile ya upole. Watu wakaendelea kutafuna. Akauliza tena:

"Mwenyekiti, huyu mbuzi katoka zizi la nani?"