Dobi Mdogo Ajipima

Alikuwa na mvi za kutosha kuitwa babu, lakini mtaa mzima ulimwita Dobi Mdogo, kwa sababu Dobi Mkubwa, baba yake, alikuwa bado hai. Tena hai kwelikweli! Kutwa aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa duka, akisalimia wateja na kukosoa kazi ya mwanawe. Miguu ilikuwa imemwacha zamani, mdomo ulibaki naye.

Siku miguu hiyo ilipogoma, mwana alipewa pasi akaambiwa ni kwa muda tu. Muda wenyewe ukaota mizizi. Sasa mwenye nyumba alitaka mkataba mpya wa miaka mitano, safari hii kwa jina la mwana, na Dobi Mdogo kila akishika kalamu aliona kifua kinambana kama mtu aliyevalishwa shati la mtoto. "Nipe siku chache, mzee," alimwambia mwenye nyumba, kisha akarudi kwenye mvuke wake kujificha.

Aliyemletea karatasi ni mdogo wake wa kike, mwalimu wa sekondari. Ilikuwa na maswali ambayo wanafunzi wake huyajibu ili kujua kazi gani inawafaa. Unaweka alama kwenye ndiyo au hapana, unajumlisha, kisha unatazama mwishoni umeangukia wapi.

"Hakuna kufaulu wala kufeli, kaka," alimwambia. "Jibu likisema hapa si pako, baba niachie mimi."

Mchana wateja walipopungua, Dobi Mdogo aliikunjua karatasi juu ya meza ya kupigia pasi, roho juu. Unapenda kupanga vitu kwa utaratibu? Akatazama rafu: mashati yamepangana kwa rangi, kila moja na kijikaratasi chake cha jina. Akaweka ndiyo. Unapenda kazi inayojirudia? Akaitazama pasi. Ndiyo. Unapenda kupokea maoni ya wengine? Mlangoni baba alikuwa akimweleza mpita njia kwamba kola za siku hizi zinapigwa pasi na watu wenye usingizi. Ndiyo, ndiyo.

Akajumlisha. Jibu likasema anafaa kazi za mikono zinazotaka utulivu, usafi na uangalifu wa mali za watu. Kwenye mifano, maskini, hata udobi ulikuwamo.

"Nini hicho unasoma? Lete hapa," baba akaita. Na kwa kuwa hakuwahi kumnyima baba kitu, akampelekea.

Mzee alisoma, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaagiza karatasi ibandikwe ukutani, kando ya bei za kufua. "Hata wataalamu wamesema! Mimi nikisema huyu kazaliwa na pasi mkononi, mnadhani natia chumvi!" Mwenye nyumba alipopita alasiri alionyeshwa ukuta kwanza, halafu akatoa mkataba. Dobi Mdogo angejitetea na nini? Alikuwa amejipima mwenyewe, kwa mkono wake. Akasaini.

Mwalimu alifika akitoka kazini. Alisoma majibu yote pale ukutani, mikono kiunoni.

"Kaka, hukuulizwa unafanya nini. Uliulizwa unapenda nini."

"Si ndiyo hayo hayo?"

"Si hayo hayo hata kidogo!" Akatoa karatasi nyingine mkobani.

"Nimeshasaini, mwalimu."

"Najua umesaini. Jibu hata hivyo. Usimwonyeshe mtu."

Asubuhi yake alijaribu. Safari hii alianza na swali la mwisho, lile pekee lililotaka maelezo, ambalo mara ya kwanza aliliruka: ukiwa huna kazi, unapenda kufanya nini? Alijua nani mtaani anapenda wanga mwingi kwenye kola, nani hataki mstari kwenye suruali, na nani anapenda nguo zake zirudi zikiwa bado na joto. Alijua baba anapenda redio iwe na sauti kubwa. Alipojitafuta mwenyewe hakukuta kitu, na akashikwa na hasira ambayo hakujua amwekee nani. Akaikunja karatasi, kona kwa kona, akaitia mfukoni.

Mara akaingia mteja mgeni, binti mwenye haraka, na shati jeupe mkononi. Macho yake yakatua kwenye ile karatasi ya ukutani.

"Una bahati wewe! Wenzako tunahangaika hatujui hata tunafaa wapi."

"Asante," Dobi Mdogo akasema. "Nikimaliza, nilikunje au nilitundike?"

"Vyovyote tu. Fanya unavyopenda wewe." Naye akaondoka.

Shati likafuliwa, likakauka, likapigwa pasi vizuri mno. Kisha Dobi Mdogo akasimama amelishika mabegani. Akatazama ndoano. Akatazama rafu. Jasho likamtoka, kwa shati moja tu, na mikono haikwenda upande wowote.

"Wee! Unaliangalia nini?" baba akapaza sauti kutoka mlangoni. "Kunja!"

Akashusha pumzi ndefu, akakunja. Kilichomuuma baadaye ni jinsi alivyoshukuru kuambiwa.