Rudi Uchungulie Mtutu

Nakumbuka Ijumaa moja ambayo ningefurahi kuisahau, mwanangu, ila wewe huniachi niisahau. Jana ulimwambia meneja wa klabu kwamba bunduki nne za akina mama wa mashindano ziko tayari. "Khalas, sir," ukasema, yaani imekwisha, ukapangusa mikono, ukaenda kula. Nilipoingia stoo nikazichungulia moja moja. Tatu zina nafuu. Ya nne, mtutu unatazama kwake na vilengeo vinatazama kwao. Mara ngapi nimekuonyesha kazi hii ya kuvilinganisha? Nimechoka, nakwambia bila kuficha. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako ni zima kabisa, kwa hiyo keti nikusimulie kitu ambacho sijamsimulia mtu hapa kwenye kambi yetu ya wafanyakazi.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa askari wa getini kwa arbab mmoja, ndivyo tunavyomwita bwana mwajiri huku, mtu mzima mwenye heshima zake na mashamba ya tende. Miaka mitatu nimesimama kwenye lile geti, na jua la Agosti unalijua. Arbab alipenda shabaha. Alikuwa na rafiki mwenye klabu ya kulenga, na siku moja aliniahidi: mashindano ya ukoo wao yakiisha, atanipeleka kwa rafiki yake nifanye kazi kwenye stoo ya bunduki, ndani, penye kipoza hewa, na viza mpya. Sikulala kwa furaha. Niliwapigia simu nyumbani Kakamega kabla hata kazi sijaiona.

Sasa, wiki ya mashindano, bunduki yake ikatoka kwa fundi ikiwa imevunjwa na kuunganishwa upya. Akaniuliza kama najua kuinyoosha vilengeo pale nyumbani kabla hajaenda nayo uwanjani. Mimi, mwanangu, nilikuwa nimekaa kambi ya jeshi miezi tisa tu, tena huko vilengeo vilinyooshwa na sajenti, sisi tulipewa tu ya kufyatua. Nikajibu, "Mafi mushkil, sir." Hakuna shida! Ndilo neno letu sisi watu wa kuja. Tunaulizwa kama tunajua kuendesha, kupika, kuogelea, kutengeneza mabomba, tunajibu hakuna shida, halafu tunatoka nje kutafuta wa kumuuliza.

Nikamuuliza fundi mmoja Mtanzania wa gereji za Ras Al Khor, aliyewahi kuwa mgambo. Akanieleza vizuri, tena akaniazima jiriwa, kile chuma cha kubania vitu mezani. Maelezo yenyewe ni haya haya ninayokuimbia kila siku. Hakikisha hakuna risasi, kisha hakikisha tena. Chomoa komeo la nyuma, mtutu ubaki wazi. Ibane bunduki isitikisike. Chungulia kwa nyuma ndani ya mtutu mpaka doa uliloweka mbali likae katikati ya duara. Usiiguse bunduki, inua jicho tu, utazame kwa vilengeo. Kama havitazami doa lile, visogeze mpaka vilitazame. Halafu, mwanangu, halafu rudi uchungulie mtutu, kwa sababu mkono wako ni mzito na bunduki husogea bila kukuaga.

Basi Ijumaa ile arbab akafungua kabati mwenyewe, akaitoa bunduki, tukaibana kwenye meza ya uani. Doa jeusi nikalichora ukutani, upande wa pili wa ua. Mama yake arbab alikuwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa. Huyu bibi alizaliwa Unguja, akaolewa huku akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Nilidhani haoni kitu.

Nikachungulia mtutu, sawa. Nikatazama vilengeo, kile kichuma cha mbele kimekwenda kushoto. Nikachukua tindo na nyundo nikakigonga. Kikagoma. Nikagonga kwa nguvu, meza ikaruka, kikasogea. Nikatazama, vilengeo vimekaa doani barabara. Jasho lilikuwa linanichuruzika, na arbab alikuwa ameshaanza kuangalia saa yake kwa ajili ya sala.

Bibi akasema kutoka barazani, "Umerejea kuchungulia mtutuni, baba?"

"Nimechungulia, Bibi," nikamjibu.

Sikuwa nimechungulia. Kuinama tu mwanangu, kuinama mara moja, kungenichukua muda wa kupiga chafya. Arbab akauliza kama imekwisha. Nikasema, "Khalas, sir. Hundred percent." Na hapo ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa, maana kazi ya nyumbani hata ukiifanya vizuri ni ya kukaribia tu. Inakufikisha kwenye karatasi ya shabaha. Kufika katikati ni kazi ya uwanjani, kwa risasi, kwa subira. Lakini mimi nilishasema mia kwa mia, naye akaniamini. Hakwenda kuijaribu. Alikwenda nayo moja kwa moja kwenye mashindano.

Alinichukua nikabebe viti na maji. Kila mtu alikuwa na risasi kumi. Arbab akalala chini, akafyatua ya kwanza, karatasi ikabaki safi. Ya pili, safi. Binamu zake wakaanza kutazamana. Ya tano ikagonga ukingo wa chini kulia, na hapo akajua. Zilizobaki alizielekeza kwa kukisia, juu kushoto, na mbili zikaingia vizuri, lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtu aliyeshinda miaka miwili mfululizo akawa wa mwisho, mbele ya wanawe. Wale binamu walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakunifokea. Heri angenifokea. Alinipa chupa ya maji, akaniambia niingie garini.

Nyumbani Bibi akaniita barazani.

"Mwanangu hakukasirikii, basi miye n'takukasirikia kwa niaba yake," akasema. "Jicho moja ninalo, na kwa hilo moja nimeona hukuinama. Hujui kazi, si aibu. Kuuliza si ujinga. Lakini nimekuuliza, ukanijibu uongo, na weye ukijua kwamba yeye atakwenda kulala chini mbele za watu kwa neno lako. Nambie, ulikuwa unamwogopa nani?"

Nilikuwa naogopa kuonekana sijui.

Kazi ya klabu ikaenda kwa mtu mwingine. Nikarudi getini, nikala jua mwaka mzima mwingine, na kila Ijumaa yule bibi alimwambia mwanawe atoe bunduki, nami niibane mezani mbele yake, nichungulie, ninyooshe, nirudi nichungulie, na nimtamkie kwa sauti ninachokiona. Nikisema "sawa" tu alinirudisha mwanzo. "Sawa nini? Sema doa liko wapi." Mwaka ulipokwisha ndiye aliyemwambia mwanawe anipeleke klabuni, na arbab akanipeleka.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize, na usinitazame viatu. Usilolijua sema hulijui. Ulilolikadiria sema umelikadiria, uwanja utamalizia. Ulichokigusa, kirudie kwa jicho. Na ukiulizwa na mtu anayekutegemea, usimpe jibu linalomfurahisha, mpe lile uliloliona.

Ile bunduki ya nne sijaigusa. Ningeweza kuinyoosha kwa dakika kumi na meneja asijue kamwe, na wewe ungepita majaribio yako ya miezi sita ukiwa mwongo mwenye kitambulisho cha kazi. Akina mama wanafika kesho saa nne asubuhi. Meneja anafika saa mbili. Utamngoja mlangoni, umwambie kwa kinywa chako, kisha utaifanya upya mbele yake. Akikufukuza nitakusindikiza uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na nitalia. Lakini afadhali hivyo.

Mungu akupe shingo ya kuinama mara ya pili, na ujasiri wa kusema sijui. Akulinde na watu watakaokuamini haraka. Haya, nenda ukapumzike.