Waliponipa Kadi ya Kijani

Biashara ya mbegu ilipoachiwa watu binafsi, nilikuwa karani wa kampuni ndogo pale Sumbawanga mjini. Kidato cha nne ninacho, mtoto wa miezi saba mgongoni, na nilikuwa nautaka uongozi wa kikundi cha kuzunguka vijijini kuuza mbegu. Niliustahili. Wakulima wa kijiji cha Milepa walikuwa wakiniulizia mimi, si wale wanaume wawili niliofanya nao kazi.

Ndipo akaletwa mtaalamu kutoka Dar kutufundisha kuelewana kazini. Kila mtu ana tabia yake, akasema, na kila tabia ina rangi: mwekundu huongoza, wa njano huchangamsha, wa bluu hukagua, wa kijani hutii na kutuliza wenzake. Tukajaza fomu. Akatuchunguza siku mbili, anaandika tu. Mimi akanipa kadi ya kijani. Nyekundu akapewa mwenzangu mmoja, mtu ambaye mkulima akimuuliza jambo mara mbili anafokewa.

"Basi huyu ataongoza," meneja akasema. "Wewe mama utabaki ofisini, ututulize."

Nikamgeukia mtaalamu. "Umejuaje kama mimi ni mtiifu?"

"Dada, nimekuona kwa macho yangu. Meneja akiingia asubuhi unachuchumaa, unapiga makofi, macho chini."

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Kaka, hiyo ni salamu yetu Wafipa!" nikamwambia. " Bibi yangu anawachuchumalia shemeji zake hivyohivyo, na mashamba wanagawana anavyotaka yeye."

"Oya, kijani kimeshaiva!" mwenye kadi nyekundu akadakia.

Hasira yangu ilikuwa kwa meneja. Yule ni Mfipa, mtu mzima, mkewe anamsalimu vilevile. Alijua kabisa, akaacha mgeni akosee kwa sababu kosa lilimfaa.

"Mzee, salamu yangu unaijua. Mbona ulinyamaza?"

"Mama, mbele ya mgeni tuheshimiane."

"Heshima nakupa kila asubuhi. Leo nataka kazi."

Meneja akakuna kidevu. Mtaalamu akaanza kukusanya fomu zake.

"Haya. Jumatatu peleka kikundi Milepa. Wenzako wakikugomea, utarudi mezani."

Jumatatu nilimkuta mwenye kadi nyekundu ameshakaa mbele kwenye pikapu, kando ya dereva.

"Shuka," nikamwambia. "Panda nyuma na magunia."

Akashuka, midomo imemvimba. Mpaka leo hajanisamehe, na sijamwomba.