Nilivyochagua mashine ya spray na kupaka trekta ya Baba kule Usenge

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Majuzi kuna mtu aliuliza hapa ni mashine gani ya spray inafaa trekta kuukuu. Nimesoma majibu. Wengine mnaongea kama watu ambao hawajawahi kushika hata brashi. Kaeni kitako.

Mimi nauza mitumba soko la Kibuye mjini, nakaa mtaa wa Kaloleni. Si fundi wa rangi. Trekta ni ya Baba, iko nyumbani Usenge, kando ya ziwa, na imelima karibu kila shamba la kwetu tangu kabla sijazaliwa. Zamani ilikuwa nyekundu. Kabla ya kazi hii ilikuwa rangi ya kutu na mavi ya kuku, maana kuku wa Mama wameifanya kitanda.

Sasa, Baba ana glaucoma. Daktari alituambia wazi kwamba dawa inapunguza mwendo tu, macho yaliyokwenda hayarudi. Wakati huo jicho moja lilikuwa limeisha, la pili linafifia.

Tulipotoka hospitali nilidhani atalalamika. Akaniambia, "Wuoda, mwanangu, nataka kuona tractor yangu ikiwa red tena. Mapema, kabla hii ingine izime."

 Nampenda huyu mzee sana, niseme tu.

Wazo langu lilikuwa tuilete mjini kwa fundi. Akakataa katakata. Trekta ikionekana ikitoka bomani, kufikia jioni beach nzima ya wavuvi itasema mzee amekuwa kipofu na ameuza trekta. Basi kazi ifanyike nyumbani, na niifanye mimi.

Tuje kwa mashine.

Nilianza na ile ndogo ya umeme ya kushika mkononi, nikaazima kwa jirani. Kwa geti ni sawa. Kwa trekta, rangi ya enamel ni nzito, inatema matone kama mtoto anayekataa uji. Ukiongeza thinner mpaka ikubali kupita, rangi inachuruzika.

Airless, ile ya kupaka kuta za nyumba, inatoa rangi nyingi kwa nguvu. Trekta ni mabomba, mashimo na kona tupu, kwa hivyo nusu ya rangi unapaka upepo.

Owino, rafiki yangu anayenyoosha bodi za magari hapa mtaani, akanishauri nikodi kompresa ya hewa ya tanki kubwa na gun ya spray yenye kikombe cha rangi juu, nozzle ya milimita 1.4. Tanki likiwa dogo, presha inaisha ukiwa katikati ya boneti na unaacha mabaka. Halafu weka kichujio cha maji kwenye hose. Hewa ya ziwa ina unyevu, na tone moja likipita, rangi haishiki pale.

Nikavikodi, nikavipeleka Usenge, nikasafisha grisi, nikakwangua kutu kwa brashi ya waya, nikapiga msasa, nikafunika taa kwa magazeti, nikapiga primer, ile rangi ya msingi. Hapo ndipo jasho linatoka. Kupiga spray yenyewe ni raha ya muda mfupi.

Na respirator vaeni jamani, leso puani si kinga. Mama alinicheka sana, eti, "Unakaa daktari wa corona!"

Siku ya rangi Baba aliweka kiti uani, mbali kidogo na harufu. Jua lilikuwa safi. Gun naishika umbali wa shibiri moja, mkono unatembea bila kusita, kila mstari unafunika nusu ya uliopita. Rangi ilitoka tamu, wakuu. Nilianza kujiona fundi.

Ikabaki boneti.

Nikaona wingu jeusi kama moshi likipanda juu ya ziwa. Mtu wa kwetu anajua hiyo ni lake flies, wale wadudu wadogo wasiouma wanaotoka majini kwa mamilioni. Mwenye akili anaweka gun chini na kwenda kunywa chai. Mimi, mzaliwa wa Usenge, nikalitazama nikaamua upepo unalipeleka visiwani.

Nikamaliza boneti. Upepo ukageuka.

Walitua kwenye rangi mbichi ya mudguard na boneti, wakanata. Nilishika kitambaa nipanguse, Mama akapiga kelele, "Wacha! Utaharibu yote!" Alisema kweli. Enamel mbichi haipanguswi. Unaacha ikauke, unapiga msasa, unarudia.

Asubuhi nilitoka na msasa mkononi, nimenuna. Baba alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameinama, lile jicho linaloona bado karibu kabisa na chuma.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii yenyewe!" Akaizunguka yote akicheka peke yake. Wadudu hakuwaona.

Kisha akaweka mkono juu ya boneti. "Na hii nini? Imekaa mchele."

Nikamweleza. Nikamwambia leo hii naisawazisha, iwe laini kama kioo.

Akanishika mkono. "Mudguard tengeneza. Hapa kwa bonnet wacha hivyo. Macho ikiisha, mkono itaniambia hapa ndio nilisimama nikaiona."

Nililia, wakuu, na sioni haya.

Nilichojifunza: kodi kompresa kubwa, usikimbilie kamashine kwa sababu ni kepesi. Tayarisha chuma vizuri. Na ukiwa kando ya ziwa, angalia maji kabla hujafungua kopo la rangi.

Jicho la pili sasa linaona mwanga tu. Mama anasema kila asubuhi Baba anaenda kuishika ile boneti, na naona mvua na jua zimeanza kuichubua.

Kwa hivyo nyinyi mafundi wa kweli, nisaidieni. Kuna clear, ile vanishi angavu, ninayoweza kupiga juu yake, ilinde rangi bila kuzifunika zile chembe za wadudu? Nataka mkono wake uzisikie vilevile.