Wadudu Waliozama Silangani

Juzi jirani yangu alimwaga sabuni ya unga kwenye karai, harufu ikaingia kwangu kupitia dirishani, nami nikaacha kupika. Harufu hiyo hainilizi, wenzangu. Hunitia ganzi tu, kama mkono uliolaliwa, na lazima nikae chini mpaka ipite.

Kwetu, upande wa Kwa Vonza, tulichota maji kwenye silanga, bwawa ambalo wazazi wetu walilichimba kwa majembe ili linase maji ya mvua. Juu ya maji walitembea wadudu wembamba wenye miguu mirefu. Kabla ya kutumbukiza mtungi, wanawake waliwatazama kwanza. Wakitembea, unachota. Wakizama, kuna mtu amefulia humo, na kamati ya maji itamtoza faini ya mbuzi. Mimi niliamini hawazami kwa sababu hawali, hivyo ni wepesi. Siku moja nilikataa chakula cha mchana, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikaenda kujaribu kutembea juu ya maji, nikarudi na matope hadi magotini, na njaa juu.

Mama alifariki wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamebaki kidogo katikati ya silanga. Baada ya mazishi, susu, yaani mama yake baba, alisema nguo za marehemu zifuliwe kabla ya kugawiwa dada zake. Alikuwa akiwaambia shangazi zangu, lakini baba ndiye aliyezibeba.

Nilimfuata. Baba hakuwa amewahi kufua hata leso, na ile faini ya mbuzi aliipendekeza yeye mwenyewe. Ilitakiwa uchote maji ukafulie mbali, chini ya mteremko. Yeye aliingia silangani na viatu vyake vya mazishi, akamwaga pakiti nzima ya sabuni ya unga, akaanza kusugua gauni la mama la kanisani. Povu likatambaa. Wadudu wakaanza kuzama, mmoja mmoja. Nilijua kwamba kijiji kizima kingekosa maji, na kwamba baba angeaibishwa mbele ya watu. Lakini kusema kweli sikuhisi kitu.

Wanawake wakaja na punda wao. Aliyetangulia alikuwa Mama Kasyoka, mweka hazina wa kamati, ambaye hata wanaume walimkwepa sokoni. Aliyatazama maji, kisha akalitazama gauni.

"Baba Mwende," akasema polepole, "hiyo nguo haijatoka vizuri kwa kola. Leta nikusaidie."

Baba akampa. "Sikuwa najua sabuni inawekwa kiasi gani," akasema.

"Ni sawa. Wewe keti hapo kwa kivuli na mtoto."

Alilisugua kola, akalikamua gauni, akalianika kichakani. Kisha wakawageuza punda, mitungi ikiwa mitupu, wakashika njia ya mtoni, ambako lazima uchimbe mchanga ndipo upate maji. Ni mbali sana kwenda huko jua likiwaka.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa fizikia aliweka sindano juu ya maji ndani ya glasi, ikakaa. Akasema maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, na pale juu hushikana zaidi, kama ngozi iliyovutwa, na kwamba sabuni huilegeza. Akadondosha tone la sabuni, sindano ikazama, darasa likapiga makofi. Wadudu nikawaelewa siku hiyo.

Kuwaelewa wale wanawake kulinichukua muda zaidi. Nilidhani walilinyamazia kosa la baba kwa hasira, nikawa najificha nikimwona Mama Kasyoka. Siku zile walituletea maji mpaka mlangoni, baba asiwe na haja ya kwenda silangani, hadi mvua iliponyesha. Hakuna aliyetaja mbuzi.

Baba yuko, amezeeka. Ukimuuliza habari za kiangazi kile, atakwambia kilikuwa kibaya sana, hata silanga ilikauka kabisa. Hivyo ndivyo wale wanawake walivyomwambia walipoleta maji.