Mlima Usiopandwa kwa Miguu

Robota la mtumba likifunguliwa hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine: dawa ya wadudu, vumbi la ghala, na kwa mbali sabuni ya watu usiowajua. Kwangu hiyo ni harufu ya mwaka niliotimiza miaka kumi, huko kwetu Busunzu, mvua za kwanza zilipokuwa zimeshaanza na asubuhi ukungu ukikaa migombani mpaka saa tatu. Mama alirudi kutoka gulio la Kibondo na koti la ajabu, rangi ya chungwa na zambarau, nene kama godoro la mtoto, lenye kola ya kufunika masikio na zipu hata kwapani. Alimnunulia kaka yangu Melkiori, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na ambaye asubuhi nyingi alikaa barazani akipukuchua maharage huku meno yakimgongana. Tulizihesabu zipu za lile koti, zikafika nane. Ndani ya ile ya nane, iliyojificha kifuani, tulikuta karatasi laini ya kung'aa iliyokunjwa mara nyingi, na juu yake umechorwa mlima mweupe.

Lazima niseme kwanza habari ya miguu ya Melkiori, maana bila hiyo mlima huu hauna maana. Akiwa na miaka minne homa ilimchukulia nguvu zote za mguu wa kushoto na nusu ya nguvu za ule wa kulia. Alitembea kwa magongo mawili mahali pa tambarare, na Busunzu tambarare zenyewe ni za kutafuta. Baba alimpeleka shule kwa baiskeli, mimi nikikimbia nyuma na magongo yake mkononi na madaftari yetu wote wawili kichwani. Nilimletea maji ya kunawa, nilimfuatia mpira ulipotoka, nilimwendea dukani, nilimsimulia kilichotokea mtoni. Shuleni waliniita Miguu ya Melkiori. Wenzangu walidhani wananitania, kumbe mimi nilivimba kichwa. Hakuna mtoto mwingine darasani aliyekuwa na kazi kubwa kama yangu.

Ile karatasi ilikuwa ramani, hilo tulilijua, lakini ramani ya nini hatukujua. Mistari ya kijani, buluu, nyekundu na nyeusi iliteremka kutoka kileleni, na mistari mingine iliyonyooka ilipanda, imening'inizwa viti, na kwenye viti watu wamekaa wakipunga mikono. Tulimpelekea Mzee Salumu, mwenye duka la vitambaa na chumvi pale senta, mtu wa asili ya Tanga ambaye ndiye pekee aliyekuwa na televisheni. Aliigeuza juu chini, akavaa miwani, akacheka polepole.

"Hawa ni watu wa theluji, wanangu. Nimewaona kwenye televisheni. Wanakaa kwenye kiti, kiti kinawapandisha. Wakifika juu wanavaa mbao miguuni, wanateleza mpaka chini."

"Halafu wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Hawaendi popote. Wanapanda tena."

Mama alipoelezwa aliuliza kama watu hao hawana palizi. Lakini Melkiori hakucheka. Usiku ule na siku zilizofuata aliishika ile ramani mpaka mikunjo ikaanza kuchanika, na mimi, niliyezoea kumjua kabla hajasema, sikumjua. Siku ya tatu ndipo akaniambia. Alikuwa amewachunguza watu wote waliochorwa, mmoja mmoja, na hakumwona hata mmoja anayepanda kwa miguu. "Dafroza," akasema, "huu ni mlima ambao kila mtu anabebwa. Wazima wote wanabebwa. Na hakuna anayewaonea huruma."

Basi tukaanza kupanga safari. Alitoa daftari la hesabu, akageuza nyuma, akaandika vitu vya kubeba: unga wa muhogo, dagaa, maharage ya kukaanga yasiyoharibika, blanketi, koti lake, na kwa ajili yangu sweta la Mama. Tungepanda basi hadi Kasulu, kutoka Kasulu hadi Kigoma, na kutoka Kigoma garimoshi, na baada ya garimoshi aliandika neno "kuuliza". Alikuwa ameshachagua hata njia ya kuteremkia. Alitaka ile nyeusi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote. Mimi ningekaa nyuma yake, nimkumbatie kiunoni, nifunge breki kwa visigino vyangu, kwa kuwa vyake visingeweza. Nililipenda sana hilo fungu la mpango. Nililisoma tena na tena kwenye daftari, jina langu na kazi yangu.

Baba ndiye aliyeuvunja mpango huo, na aliuvunja kwa upole. Wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi, na wakati ule karatasi zetu za uraia zilikuwa bado hazijatoka. Alituambia kwamba hata kuvuka wilaya kulihitaji kibali, sembuse kwenda nchi ya theluji. Melkiori alilifunga daftari. Chakula cha jioni hakukigusa, wala cha kesho yake, na Mama akaanza kumtazama Baba kwa jicho ambalo sisi watoto tulilijua. Siku ya pili Baba akatoka uani akasimama akitazama kilima kilicho nyuma ya kijiji, ambacho watoto wote wa Busunzu waliteleza kwa vigogo vya mgomba kila mvua zikilowesha nyasi. Melkiori alikuwa amezaliwa chini ya kilima kile na hakuwahi kufika juu. "Kule hakuhitaji kibali," Baba akasema.

Kilichobaki ni kiti. Na kwetu kiti cha kupandishia mtu mlimani kipo tangu zamani, nacho ni ingobyi, machela ya miti miwili mirefu na kitanda kilichosukwa katikati, inayobebwa mabegani na wanaume wanne. Kila kitongoji kilikuwa na yake, na Baba alikuwa mmoja wa wabebaji. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye baiskeli alipelekwa hospitali kwa ingobyi. Wengine walirudi kwa miguu yao, wengine walirudi mle mle wamefunikwa. Melkiori mwenyewe alibebwa humo mwaka ule wa homa, na mtu akiitaja mbele yake alikuwa akigeuza uso. Nilidhani atakataa. Aliifungua ramani, akawatazama wale watu waliokaa kwenye viti wakipunga mikono, akasema, "Sawa. Lakini nitakaa. Silali."

Aliyekataa ni Mama. "Ingobyi haichezewi," akasema. "Mtoto mzima umweke kwenye kitu cha wagonjwa, unaita balaa gani nyumbani kwangu?" Baba akamjibu taratibu kwamba mama yake Mama, bibi yetu, alikwenda kwa mumewe siku ya harusi akiwa amebebwa kwenye ingobyi, na hakuwa mgonjwa. Mama akafikiri hilo kwa siku mbili nzima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba waondoke asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa njiani wakaanza kuuliza.

Sharti hilo ndilo lililotuponza. Jumamosi ile ukungu ulikuwa mzito na baridi inakata. Baba na vijana watatu wa kitongoji waliinyanyua ingobyi, Melkiori ndani yake amekaa wima na koti lake la zipu nane, na Mama, kwa huruma ya mama, akamfunika kitenge kuanzia kichwani asipigwe na umande. Mimi nilitangulia na magongo, na nyuma yetu mtoto wa jirani aliburuta kigogo cha mgomba. Hatukuwa tumefika mbali tulipokutana na wanaume wawili wakienda shamba. Kwetu ukikutana na ingobyi njiani huipiti hivi hivi. Unaweka chini ulichobeba, unapokea bega la aliyechoka, na kama mabega yametosha unafuata nyuma kimya. Wale wawili waliweka majembe yao kando ya njia, wakavua kofia, wakafuata. Baba alifungua mdomo aeleze, lakini wakati huo mwingine alikuwa ameshaingiza bega, na mwingine anatokea kwenye ukungu na ndoo.

Tulipofika njiapanda nyuma yetu kulikuwa na watu kama ishirini. Njia ya kushoto huteremka kwenda hospitali. Ya kulia hupanda kilimani, na katikati yake hupita kwenye makaburi ya kanisa. Wabebaji wakashika ya kulia. Ndipo Mama Konsolata, mjane mmoja jirani yetu aliyenifundisha kusuka vikapu, akaanza kulia, kwanza kwa pua, kisha kwa sauti, na wanawake wengine wakampokea. Mimi nililiona kosa letu lote kwa mara moja, nikasimama na yale magongo nisijue nifanye nini. Kitenge kikasogea. Melkiori akatoa kichwa chake chenye kola ya chungwa, akawatazama wote, akapunga mkono kama wale wa kwenye ramani.

"Mwakeye," akawasalimu, kwa adabu kabisa.

Mama Konsolata alikaa chini palepale njiani. Alipopata pumzi alimgombeza Baba, akawagombeza wabebaji, akanigombeza mimi niliyekuwa mbele na kunyamaza. Halafu akauliza mtoto anapelekwa wapi basi. Melkiori akamweleza mwenyewe, kutoka juu ya mabega, habari ya mlima wa theluji, viti, na mstari mweusi. Watu walisikiliza wakifuta machozi yao. Na kwa kuwa aliyeifuata ingobyi haiachi kabla haijafika, hakuna aliyerudi. Walimpandisha wakipokezana mabega, wakitania sasa, wakilalamikia uzito wa lile koti, hata Mama Konsolata akapanda akiwa ameshika mkono wangu.

Juu ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na upande wa magharibi milima ya Burundi ilionekana mmoja nyuma ya mwingine. Baba aliitazama kidogo, kisha akamshusha Melkiori juu ya kigogo cha mgomba, akamwelekeza miguu vizuri. Mimi nikaweka magongo chini, nikakaa nyuma yake kama ilivyoandikwa kwenye daftari, nikamkumbatia kiunoni. Nilikuwa tayari. Moyo wake nilikuwa nikiusikia kupitia ile pamba yote. Akageuza kichwa.

"Dafroza, shuka."

"Nani atafunga breki?"

"Shuka," akasema tena, wala si kwa ukali.

Nikashuka. Akajisukuma kwa mikono miwili, mara moja, mara ya pili, nyasi zikamchukua. Sijawahi kumwona mtu akienda kasi vile. Yeye ambaye maisha yangu yote nilimngojea, alinitoka mbele ya macho, akapungua, rangi ya chungwa ikawa ndogo chini ya kilima, kisha kigogo kikagonga tuta, kikaruka upande wake naye upande wake. Mama, aliyekuwa ameapa hatakuja na kumbe alikuwa amesimama kule chini muda wote, akaanza kukimbia. Kabla hajamfikia tulisikia Melkiori akicheka, uso umejaa matope, na akanyoosha kidole kimoja kuelekea juu. Wabebaji wakaguna, wakateremka kumchukua. Walimpandisha mara tatu siku ile.

Mimi nilibaki juu nikilia, na kila aliyepita alinibembeleza akidhani nililia kwa hofu. Sikuwaambia kweli. Nilikuwa na hasira. Wiki nzima sikumletea maji ya kunawa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyafuata mwenyewe, kwa magongo, polepole, akimwaga nusu njiani, na alirudi akipiga mluzi.

Siku hizi barabara ya Busunzu inapitika, na mgonjwa akizidiwa anapigiwa simu bodaboda kabla jirani hajajua. Ni jambo jema, na nisingetaka mtu wangu abebwe kwa muda wa saa nne kwenye matope. Ila pikipiki inapopita na mgonjwa hakuna anayeweka jembe chini. Wanangu hapa Kasulu wanawaona watu wa theluji kwenye simu kila wapendapo, wanawatazama kwa dakika moja kisha wanahamia kwenye mpira. Melkiori anaishi Kakonko, ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na ofisi za wilaya, mke, watoto watatu, na pikipiki ya magurudumu matatu anayoiendesha vibaya. Ananipigia simu mara chache kuliko ninavyotaka.

Mwaka jana aliugua, akalazwa siku nne, na mimi nikaja kusikia ameshatoka. Nilipanda basi siku ileile na nguo za mwezi mzima, nikiwa nimeshapanga njia nzima nitampikia nini, nitamwogesha saa ngapi, nitamwambia nini mkewe. Nilimkuta sebuleni amekonda. Aliniangalia mimi, akaliangalia begi langu, akatabasamu. Kisha akavuta magongo yake, akainuka, akaenda mwenyewe jikoni, akarudi na chupa ya chai imening'inia kidoleni, akaiweka mezani. Akaanza kumimina, na chai ya kwanza ilimwagika kwenye kitambaa. Niliiweka mikono yangu mapajani, nikaishika, nikamwacha amimine.